Bartolomé de las Casas: padri aliyeanza na watu wa shambani kwake

Tunapofundishwa mafundisho jamii ya Kanisa, mara nyingi tunaanzia kwa Papa Leo XIII na waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891. Ni mwanzo mzuri, kwani tangu hapo mapapa wameandika mfululizo juu ya haki za wafanyakazi, matumizi ya mali na amani kati ya mataifa. Lakini swali lenyewe ni la zamani zaidi. Miaka 380 kabla ya waraka huo, mtawa mmoja Mdominiko alipanda mimbari katika kisiwa cha Hispaniola, akawauliza Wakristo wenzake kwa haki gani wanawafanya watu wengine watumwa. Toleo hili tunatazama maisha ya padri mmoja ambaye swali hilo lilimfikia mapema, akalikwepa kwa muda, kisha akalibeba kwa zaidi ya miaka 50 hadi kufa kwake. Jina lake ni Bartolomé de las Casas.

Kijana wa Sevilla

Bartolomé alizaliwa katika mji wa Sevilla, Hispania, mwaka 1484. Baba yake, Pedro, alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1493 Pedro alijiunga na safari ya pili ya Christopher Columbus kwenda ng'ambo ya Atlantiki, na aliporudi alimletea mwanawe zawadi: kijana mwenyeji wa visiwa vile, awe mtumishi wake. Haikupita muda mrefu, Malkia Isabela akaagiza watu walioletwa kwa namna hiyo warudishwe kwao. Hivyo Bartolomé alimiliki mtu akiwa bado kijana mdogo, na jambo hilo halikumshangaza yeye wala jirani zake.

Mwaka 1502 alivuka bahari mwenyewe pamoja na msafara wa gavana Nicolás de Ovando, akafika Hispaniola, kisiwa ambacho leo kina nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika. Wahispania waliwaita wenyeji wa huko Wahindi, kwa sababu Columbus alidhani amefika pande za Bara Hindi. Kulikuwa na utaratibu uliojulikana kama enkomienda. Kila Mhispania aliyestahili alikabidhiwa idadi fulani ya wenyeji. Kwa maandishi, alipaswa kuwalinda na kuwafundisha imani, nao wamfanyie kazi. Kwa vitendo, watu walipelekwa machimboni kutafuta dhahabu na mashambani kulima, wakatenganishwa na familia zao, wakafa kwa njaa, kazi na kipigo. Baadaye yalikuja magonjwa ambayo miili yao haikuyazoea, hasa ndui, na vijiji vizima vikabaki bila watu.

Bartolomé alipata mgawo wake kama wengine. Alipewa daraja la upadre, lakini aliendelea kuwa na shamba na watu wa kulilima. Alikuwa padri, na alikuwa bwana.

Mahubiri ya Majilio

Mwaka 1510 waliwasili Hispaniola Wadominiko wa kwanza, wakiongozwa na Pedro de Córdoba. Waliishi kifukara, wakawasikiliza wenyeji, na baada ya mwaka mmoja walikuwa wameona ya kutosha. Wakakaa pamoja, wakaandika mahubiri, wakayatia sahihi wote, kisha wakamchagua ndugu yao Antonio de Montesinos ayatoe. Ilikuwa Dominika ya nne ya Majilio, tarehe 21 Desemba 1511, na kanisani alikuwamo Diego Colón, mtoto wa Columbus, aliyekuwa mtawala wa kisiwa. Montesinos alianzia kwenye Injili ya Yohane Mbatizaji, sauti ya mtu aliaye nyikani. Akawaambia wazi kwamba wamo katika dhambi ya mauti kwa ukatili wao juu ya watu wasio na hatia, akauliza kama wenyeji hao si binadamu na kama hawana roho.

Wakubwa waliondoka wamekasirika, wakaenda konventini kudai mhubiri akanushe maneno yake. Pedro de Córdoba akawajibu kwamba mahubiri yale yalikuwa ya jumuiya nzima. Dominika iliyofuata kanisa lilijaa watu waliokuja kusikia akiomba radhi, lakini Montesinos alirudia yaleyale kwa ukali zaidi, akaongeza kwamba watawa hawatawaondolea dhambi wale wanaoendelea kuwashika wenyeji.

Las Casas naye alikutana na msimamo huo ana kwa ana. Alikwenda kuungama kwa Mdominiko mmoja, akanyimwa maondoleo kwa sababu alikuwa na wenyeji chini yake. Alibishana na mtawa huyo, akaona hoja zake zina heshima, lakini hakuziacha mali zake. Mafrateri wanaojiandaa kuwa waungamishi watambue jambo hili: mbegu ilipandwa pale, na haikuota siku hiyo.

Damu ya Caonao

Wahispania walipokwenda kukiteka kisiwa cha Cuba, Las Casas aliwafuata kama padri wa jeshi. Wakati ule chifu mmoja aitwaye Hatuey, aliyekimbilia Cuba kutoka Hispaniola, alikamatwa na kuhukumiwa kuchomwa moto. Las Casas aliandika baadaye kwamba mtawa mmoja Mfransisko alimkaribia Hatuey akiwa amefungwa kwenye mti, akamweleza habari za mbinguni ili abatizwe. Hatuey aliuliza kama Wahispania nao huenda huko. Alipojibiwa kwamba walio wema huenda, alisema basi yeye hataki kwenda. Katika historia ya umisionari ni vigumu kupata habari inayoonyesha wazi zaidi jinsi mwenendo wa wabatizwa unavyoweza kuwafungia wengine mlango.

Kisha ikaja siku ya Caonao. Askari walipokuwa njiani walisimama penye mto mkavu, wakanoa panga zao kwenye mawe. Walipofika kijijini, watu wengi walikuwa wamekusanyika, wamechuchumaa, wakiwashangaa farasi. Chakula kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili ya wageni. Ghafla askari mmoja akachomoa upanga, na wengine wakamfuata, wakawakata wanaume, wanawake, watoto na wazee. Kamanda Pánfilo de Narváez alikaa juu ya farasi wake akitazama. Las Casas alikimbia huku na huku akijaribu kuwaokoa aliowafikia na kuwapa sakramenti waliokuwa wakifa.

Mtu angetarajia kwamba baada ya siku ile angeachana na utaratibu mzima. Haikuwa hivyo. Vita vilipokwisha, gavana Diego Velázquez alimpa yeye na rafiki yake Pedro de Rentería ardhi nzuri karibu na mto Arimao pamoja na wenyeji wa kuilima. Las Casas alipokea. Hakuwapiga, aliwahurumia, na aliwalisha vizuri kuliko majirani zake. Alijihesabu bwana mwema.

Somo la Pentekoste

Mwaka 1514 Las Casas aliombwa kuadhimisha Misa na kuhubiri siku ya Pentekoste katika makazi mapya ya Wahispania huko Cuba. Alipokuwa akitayarisha homilia yake, alipitia Kitabu cha Yoshua bin Sira, akakutana na sura ya 34. Sehemu hiyo inafundisha kwamba sadaka inayotokana na mali ya dhuluma haimpendezi Mungu, na kwamba anayemnyima maskini mkate wake, au kumnyima mfanyakazi ujira wake, amemwaga damu.

Akasimama hapo. Mkate na divai aliyokuwa anaitoa altareni ilinunuliwa kwa jasho la nani? Kwa siku kadhaa alilinganisha maandiko hayo na yale aliyoyaona kwa macho, akakumbuka maneno ya Wadominiko, akafikia hukumu kwamba yote waliyokuwa wakiwatendea wenyeji ni dhuluma. Akaona pia kwamba hawezi kuwahubiria wengine hivyo akiwa yeye mwenyewe bado anao watu.

Alimwendea gavana Velázquez, akamrudishia mgawo wake. Gavana alishangaa, akamsihi afikiri tena kwa siku 15, kwani alikuwa njiani kuwa tajiri. Las Casas alikataa, akaomba tu habari itunzwe kwa siri hadi Rentería atakaporudi kutoka safari ya Jamaica. Lakini tarehe 15 Agosti, sherehe ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alishindwa kunyamaza. Akiwa mimbarini alitangaza kwamba amewaacha watu wake, akawaeleza waamini wake kwamba nao hawataokoka wasipofanya vivyo hivyo. Wengi waliduwaa. Hawakuwahi kusikia kwamba kuwatumia wenyeji kunahitaji kuungamwa, na hakuna aliyemfuata. Rentería aliporudi, ilionekana kwamba naye, peke yake huko Jamaica, alikuwa amefikia wazo la kwenda Hispania kuwaombea wenyeji msaada. Wakauza walivyokuwa navyo, na fedha ikawa nauli ya Las Casas.

Mlinzi wa wenyeji

Mwaka 1515 alivuka bahari pamoja na Montesinos, akapokewa na Mfalme Ferdinando, ambaye alifariki wiki chache baadaye. Kardinali Cisneros, aliyeshika madaraka, alimsikiliza, na mwaka 1516 Las Casas akapewa cheo cha Mlinzi wa Wahindi. Kilikuwa cheo kikubwa chenye nguvu ndogo. Wakubwa wa huko ng'ambo walikuwa na migodi yao ya kulinda, na baadhi ya watu wa barazani kwa mfalme walikuwa na migawo ya wenyeji katika visiwa ambavyo hawajawahi kuvikanyaga.

Las Casas alijaribu njia nyingine. Aliomba ardhi huko Cumaná, katika pwani ya Venezuela ya leo, aanzishe makazi ya wakulima wasiobeba silaha, wakaao kwa amani na wenyeji. Mpango huo ulivunjika kabisa. Wahispania wengine waliivamia pwani ileile kuteka watumwa, na mwanzoni mwa mwaka 1522 wenyeji walilipiza kisasi kwa kuyashambulia makazi yake. Aliona kushindwa huko kuwa adhabu ya Mungu kwa sababu alijishikamanisha na wafanyabiashara. Mwaka huo akaingia katika Shirika la Wadominiko, akakaa kimya kwa miaka, akisoma teolojia na sheria, na mwaka 1527 akaanza kuandika historia kubwa ya nchi zile.

Alipotoka tena alikuwa na hoja iliyokomaa: imani haiingizwi kwa upanga, njia pekee ya kumleta mtu kwa Kristo ni kumshawishi akili na kumvuta moyo kwa upole. Wapinzani walimcheka, wakamtaka aijaribu. Mwaka 1537 alikubaliana na gavana wa Guatemala kwamba yeye na ndugu zake wataingia Tuzulutlán, eneo lililojulikana kama Nchi ya Vita, kwa sharti kwamba kwa miaka 5 Mhispania mlei asiingie humo. Watawa waliingia bila askari, na eneo hilo likaja kuitwa Verapaz, yaani Amani ya Kweli. Mwaka huohuo Papa Paulo III alitoa hati ya Sublimis Deus, akitamka kwamba wenyeji ni binadamu kweli, wana uwezo wa kupokea imani, na wasinyang'anywe uhuru wala mali zao hata kama bado hawajabatizwa.

Askofu na sakramenti ya kitubio

Tarehe 20 Novemba 1542 Kaisari Karolo V alitia sahihi Sheria Mpya, ambazo Las Casas alikuwa amezipigania. Zilikataza kuwafanya wenyeji watumwa, zikaagiza kwamba migawo ya enkomienda isirithiwe, bali ikome kila mwenye nayo anapofariki. Mwaka 1544 Las Casas, akiwa na umri wa karibu miaka 60, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Chiapas, kusini mwa Mexico ya leo, akafika huko na kundi kubwa la Wadominiko.

Katika Kwaresima ya mwaka 1545 aliwaondolea mapadre wengi ruhusa ya kuungamisha, akabakiza wachache aliowaamini, akaagiza kwamba mwenye watumwa asipewe maondoleo mpaka awaache huru. Baadaye aliandika mwongozo kwa waungamishi: tajiri anayetaka kitubio, hata akiwa kitandani anakufa, kwanza amwite mwandishi wa serikali, aandike mbele ya mashahidi kwamba anarudisha kila alichokipata kwa dhuluma. Msingi wake ni mafundisho ya zamani ya Kanisa kwamba mwizi hatubu huku ameshika mali ya wizi. Jambo jipya lilikuwa kuyatumia kwa watu wenye heshima, wafadhili wa makanisa.

Mji ulichemka. Dekano wa kanisa kuu aliwapa maondoleo watu waliokatazwa. Askofu alipotaka akamatwe, umati wenye silaha ulivamia nyumba ya askofu. Huko Peru wenye migawo walichukua silaha dhidi ya Sheria Mpya, na mwakilishi wa mfalme aliuawa vitani mwaka 1546. Karolo V alikuwa amekwisha kurudi nyuma: mwaka 1545 alifuta kifungu cha urithi. Las Casas aliondoka Chiapas, na mwaka 1547 akarudi Hispania. Hakurudi tena.

Mjadala wa Valladolid

Mwaka 1550 Kaisari aliagiza vita vipya vya ushindi visimamishwe kwanza, mpaka wanateolojia na wanasheria wapime kama ni halali. Walikutana Valladolid. Upande mmoja alikuwapo Juan Ginés de Sepúlveda, mtaalamu wa Aristoteli, aliyeshikilia kwamba kuna watu waliozaliwa kutumikishwa, na kwamba vita dhidi yao ni wema kwao. Yeye hakuwahi kufika Amerika. Upande wa pili alikuwa Las Casas, aliyesoma utetezi wake kwa siku 5. Alionyesha kwamba wenyeji wana miji, sheria, familia na sanaa, na kwamba jamii zote za wanadamu ni moja. Hakimu hawakutoa hukumu ya wazi, na kila upande ulidai kushinda.

Mwaka 1552 alichapisha kitabu kifupi juu ya maangamizi ya nchi za Amerika. Kilisomwa Ulaya nzima, na maadui wa Hispania walikitumia kwa siasa zao. Wanahistoria wa leo wanaona kwamba idadi alizozitaja mara nyingi zimekuzwa. Hata hivyo mambo yenyewe aliyoyasimulia yanathibitishwa na mashahidi wengine wengi.

Jeraha la Afrika

Sisi tunaosoma habari hizi Afrika hatuwezi kuruka sehemu hii. Mwaka 1516, na tena mwaka 1518, Las Casas alipokuwa akitafuta namna ya kuwapunguzia wenyeji mzigo, alipendekeza kwamba walowezi waruhusiwe kuleta watumwa wengine, wakiwemo weusi. Watumwa Waafrika walikuwapo Hispaniola kabla ya ushauri wake, na wafanyabiashara wengi walikuwa wakiomba jambo lilelile, kwa hiyo si kweli kwamba biashara ile aliianzisha yeye. Lakini alilisema, na alikuwa na sikio la mfalme. Mwaka 1518 Karolo V alitoa leseni ya kupeleka Waafrika 4,000, na leseni hiyo ikauzwa kwa wafanyabiashara wa Genoa. Ushauri huo ulionekana tena katika barua yake ya mwaka 1531.

Padri aliyejifunza kwa uchungu kwamba mwenyeji wa Cuba ni ndugu yake, hakumwona Mwafrika. Alikuwa amezoea, kama watu wa Sevilla wa siku zake, kufikiri kwamba Waafrika walitekwa katika vita halali. Hakuuliza. Katika uzee wake ndipo alipojua jinsi Wareno walivyowateka watu katika pwani za Afrika, akatambua kwamba utumwa wao ni dhuluma sawa kabisa na ule wa wenyeji wa Amerika. Katika historia yake aliandika habari za ushauri huo bila kujificha, akajuta, akakiri kwamba hana hakika kama kutojua kwake na nia yake njema vitamwokoa mbele ya hukumu ya Mungu.

Toba hiyo ilikuwa ya kweli, ila ilichelewa. Hakuwafanyia Waafrika kampeni kama ile aliyowafanyia wenyeji. Maandiko yenyewe aliyaacha konventini Valladolid, akitaka yasichapishwe kabla ya miaka 40. Yalichapishwa mwaka 1875. Kwa zaidi ya miaka 300 majuto yake yalikuwa kabatini, huku meli zikiendelea kuvuka bahari. Papa Gregori XVI alikuja kulaani wazi biashara ya watumwa mwaka 1839. Hapa kwetu, wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawakuta watu bado wanauzwa.

Las Casas alifariki Madrid tarehe 18 Julai 1566, katika konventi ya Wadominiko ya Atocha, akiwa na miaka kama 82. Hadi siku za mwisho alikuwa akiandika maombi kwa ajili ya wenyeji.

Kwetu sisi leo

Maisha haya yanatupa mambo mawili ya kushika pamoja. Kwanza, Las Casas alianza na watu wa shambani kwake kabla ya kwenda kwa mfalme. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilifundisha vivyo hivyo, kwamba anayethubutu kuwaambia wengine juu ya haki lazima kwanza aonekane mwenye haki. Kwa hiyo frateri anayeandaa homilia juu ya haki atazame kwanza nyumba anamokaa. Mpishi wa seminari analipwa kwa wakati? Mlinzi wa parokia ana mkataba? Kibarua aliyejenga kigango alimaliziwa fedha yake? Na sisi waamini tunaopeleka sadaka kila Dominika tujiulize kuhusu msichana aliyebaki nyumbani akifua nguo zetu, ambaye mshahara wake tunausogeza mwezi hadi mwezi. Sura ya 34 ya Yoshua bin Sira inamhusu yeye.

Pili, mtu anaweza kuongoka kweli na bado akabaki na upofu upande mmoja. Las Casas alimtetea mnyonge aliyemwona, akamtwika mzigo mnyonge ambaye hakumwona. Kila kizazi kina watu wa namna hiyo, wanaoteseka mahali ambapo hata watu wema hawaangalii. Tuombe macho ya kuwaona mapema, tungali na nguvu ya kusema na kutenda kwa ajili yao, kabla majuto yetu hayajabaki kuwa maandishi ya kusomwa na wajukuu.